Mistari Myeusi ya Chumba cha Mazoezi

Mmenipigia simu mara mbili wiki hii, vijana wangu, kuuliza ile mistari myeusi iliyopakwa rangi kwenye sakafu ya chumba cha mazoezi cha hospitali ni ya nini. Fundi anataka kuweka vigae na amesema ataifunika yote. Mara ya kwanza nilikuwa naanika usipa, dagaa wetu wa ziwani, nikawajibu haraka kwamba ni habari ndefu. Mara ya pili sikuwa na kazi yoyote, nikawajibu vilevile, kwa sababu kweli ni ndefu. Leo nimevaa miwani, nimefukuza kuku barazani, nawaandikia. Mkimaliza kusoma mtajua cha kumwambia fundi.

Habari za vyeo na mshahara nitaziruka. Vyeo vilikuwa vichache, na mshahara mnaujua wenyewe.

Nilipanda milima ya Mbinga nikiwa msichana wa ziwani, Mwanglikana, binti wa mvuvi kutoka upande wa Liuli, nina cheti kipya cha tiba ya viungo na kitenge kimoja cha kujifunika. Baridi ile sikuwa nimeambiwa. Siku ya kwanza muuguzi mkuu alinipeleka kwenye stoo yenye vitanda vilivyovunjika, mashine ya kusaga isiyosaga na kuku aliyekuwa anaatamia. Akaniambia, "Hiki ndicho chumba chako cha mazoezi." Kuku tulimwacha amalize, maana alikuwa ametangulia kuajiriwa.

Vifaa nilitengeneza na seremala wa hospitali. Tulipasua mkaratusi tukapata fito mbili za kushikilia, zimesimama sambamba, mgonjwa anapita katikati. Uzito wa kunyanyulia ulikuwa mifuko ya kitambaa niliyojaza mchanga niliotoka nao ziwani, na wenyeji wakasema sasa Wanyasa, watu wa ziwani, wamekuja kutuuzia hata mchanga. Tukachonga pia ngazi ya vidaraja vitatu kwa ajili ya kujifunza kupanda na kushuka. Ngazi ile haikuwa inakwenda popote. Kila mgonjwa mpya aliitazama, akatazama dari, akaniuliza, "Mama, huko juu kuna nini?" Kwa miaka yote nilijibu kwamba kuna daktari.

Chuoni nilifundishwa na Mwalimu Mbise, mtu mfupi, mkali, mwenye kalamu nyekundu kwenye masikio yote mawili. Alituambia mambo mengi nikasahau mengi. Mawili nimebaki nayo. La kwanza, kabla hujamgusa mgonjwa, mtazame anavyoingia mlangoni. La pili, ukiona mgonjwa anadanganya, tafuta kwanza kosa lako. Hilo la pili niliandika kwenye daftari kwa mwandiko mzuri, nikapiga mstari chini yake, kisha nikaishi miaka mingi bila kulitumia.

Miaka ikasogea. Soko likafunguliwa, na milima yetu ikaanza kupata wageni. Zamani kahawa ilikuwa inanunuliwa na ushirika tu. Sasa wanunuzi binafsi walipanda na magari yao hadi Mkumbi na Kitura, na nyuma yao wakaja wauza dawa za kahawa, wauza mbolea, wauza miche, kila mmoja na spika juu ya gari. Baadhi ya dawa zilikuwa dawa. Nyingine zilikuwa unga wa rangi nzuri uliowafurahisha hata wadudu. Mjini yakafunguliwa maduka ya dawa za binadamu, halafu zikaja simu za mkononi, ambazo mtu alilazimika kupanda kilima fulani ili zisikike. Halafu ikaja kompyuta ya kulipia kwa dakika, mjini Songea, na hiyo ndiyo iliyoleta habari ninayotaka kuwaeleza.

Mzee Kinunda aliletwa na mke wake, Mama Osmund, kutoka milimani juu ya Kitura. Alikuwa mkulima wa kahawa, mrefu, na uso wake ulikuwa umeacha kucheka ingawa yeye mwenyewe alikuwa hajaacha. Mkono wa kulia ulitetemeka ukiwa umetulia, vidole vikizunguka kana kwamba anasugua ugoro. Daktari aliandika kwenye faili ugonjwa wa Pakinsoni, akampa vidonge ambavyo vilikuja hospitalini vilipotaka, akanikabidhi mimi miguu.

Nilimtazama anavyoingia mlangoni, kama nilivyofundishwa. Hakuingia. Alifika kizingitini, miguu ikagoma. Magoti yalitetemeka, kiwiliwili kikainama mbele, nyayo zikabaki zimegandia sakafu.

"Shikamoo, Mzee," nikamwambia.

"Marahaba, binti yangu. Nakuja. Miguu ndiyo bado inajadiliana."

Tulimvuta ndani watu wawili. Nikamweka katikati ya fito, kwenye ile sakafu nyekundu iliyosuguliwa hadi unajiona sura, nikamfanyisha mazoezi mara mbili kwa wiki. Kunyoosha mgongo, kuinua goti, kuhesabu moja mbili. Miezi miwili ikapita. Alikuwa akijikokota hatua ndogondogo, kisha anaganda. Nilimhimiza, nilimbembeleza, na siku moja, naomba Mungu anisamehe, nilimfokea.

Mama Osmund alikuwa amekaa kwenye benchi kama kawaida yake, anasuka ukili. Akasema bila kuinua macho, "Shambani anatembea."

"Shambani wapi, Mama?"

"Kwenye ngoro. Anatembea vizuri tu. Akifika nyumbani anaganda. Watu wanasema nyumba yetu imetegwa kitu."

Mtu asiyeweza kuvuka chumba atawezaje kutembea kwenye mteremko ambao hata mbuzi anaufikiria kwanza? Niliandika kwenye faili: Mke anamtetea mgonjwa. Sentensi hiyo bado ipo, mkitaka kuicheka. Sikuwa nimewahi kukanyaga shamba la ngoro. Kwetu ziwani mihogo tunalima kwenye mchanga tambarare, na Wamatengo, wenyeji wa milima ile, wananitania mpaka leo kwamba watu wa ziwani tunalima kwa nyavu.

Mwezi wa tatu gari la kliniki ya kina mama lilikuwa linakwenda Kitura, nikaomba nafasi. Nilitaka kumkamata Mzee Kinunda kwa macho yangu, huo ndio ukweli wenyewe. Nikapanda mlima ule nahema kama mgonjwa wangu mwenyewe.

Kwa wale mliotoka mbali: shamba la ngoro huanza na nyasi. Wanaume wanafyeka mteremko, wanaacha nyasi zikauke, kisha wanazilaza kwa mistari inayokatizana mpaka mlima wote unakuwa na miraba. Wanawake wanafuata na majembe, wanachimba katikati ya kila mraba na kufunika nyasi kwa udongo. Nyasi zinaoza ndani ya tuta, mvua inabaki kwenye mashimo, maharage yanapandwa juu. Kulaza nyasi ni kazi ya mwanaume na kufukia ni kazi ya mwanamke, na hakuna anayeuliza kwa nini.

Siku ile walikuwa kwenye kulaza. Na katikati ya mteremko, amebeba nyasi kifuani, alikuwapo Mzee Kinunda. Alinyanyua goti, akavuka mstari. Akanyanyua la pili, akavuka mwingine. Alipita mistari saba au minane namna hiyo, mguu wake ukipanda na kushuka barabara, na aliponiona akanipungia kwa mkono ule mbovu.

"Mama Mazoezi! Umekuja kulima au kunifokea?"

Nilikaa chini palepale. Nililia kidogo, kwa aibu na kwa furaha, sijui kipi kilitangulia. Miezi miwili nilikuwa nimemweka mtu yule kwenye sakafu laini, mahali pekee ambapo hakuweza kutembea, na kumlaumu.

Nilielewa sababu baadaye niliposoma vitabu vyangu upya. Ugonjwa ule unaharibu kile kinachomwezesha mtu atembee bila kuwaza. Lakini ukimpa kitu cha kuvuka, jicho likikiona, ubongo unachukua njia nyingine ambayo bado ni nzima. Ilikuwamo kwenye daftari langu la chuo, mistari miwili, nilikuwa nimeichorea ua pembeni.

Nikachukua mzigo wa nyasi kwenye gari la kliniki. Kesho yake nikazilaza sakafuni pangu, kukingama kati ya fito, mstari baada ya mstari. Mzee alipofika mlangoni akaziona, akacheka kooni, akavuka chumba kizima. Muuguzi mkuu alikuja kuuliza nani ameleta malisho hospitalini.

Hapo ndipo Osmund alipokuja.

Osmund alikuwa mtoto wao wa kwanza, mfanyabiashara wa nguo Songea, mtu mwenye adabu aliyekuwa akimpenda baba yake kupita kiasi. Alikuja na bahasha ya karatasi alizochapisha kwenye ile kompyuta ya dakika. Karatasi zilieleza kliniki moja ng'ambo inayotibu kwa seli shina. Mgonjwa anachomwa sindano, na ndani yake mna chembe changa za mwili, chembe ambazo bado hazijachagua kazi. Zikiingia, zinakwenda zenyewe mahali palipoharibika na kugeuka kuwa kile kilichokosekana. Kulikuwa na picha ya mtu kwenye kiti cha magurudumu, kisha picha ya mtu yuleyule anacheza dansi. Chini, orodha ya magonjwa: kiharusi, Pakinsoni, kuvunjika uti wa mgongo, upofu, kisukari, uchovu.

Wakala alikuwa Dar es Salaam. Ili Mzee aende, ilibidi shamba liuzwe, kahawa pamoja na mteremko wa ngoro, na tayari kulikuwa na mnunuzi aliyesema atafika Jumatatu baada ya jubilei.

Jubilei yenyewe ilikuwa ya ndoa. Mzee Kinunda na Mama Osmund walikuwa wanatimiza miaka hamsini, na misa ilikuwa imepangwa. Bwana na bibi jubilei wangeingia kutoka mlango mkubwa hadi altareni, mbele ya parokia nzima, kwenye sakafu iliyosuguliwa kuliko yangu.

Nikiri kitu. Nilizisoma zile karatasi mara mbili. Mimi niliyekuwa nawapa watu mifuko ya mchanga na ngazi isiyokwenda popote, nilitamani ziwe kweli. Nilikuwa nimeshika miguu mingi ambayo haikurudi. Usiku ule... hapana, sikukesha, nililala fofofo, lakini asubuhi niliandika barua kwa Mwalimu Mbise, nikazifunga zile karatasi ndani yake.

Alijibu mapema kuliko nilivyotegemea, kwa kalamu nyekundu. Aliandika kwamba wazo lenyewe si uongo. Katika ugonjwa ule kuna chembe ndani kabisa ya ubongo zinazotengeneza kemikali ya kuendesha mwendo, nazo zinakufa. Wanasayansi kweli wanajaribu kulea chembe changa hadi ziwe za namna hiyo, wazipande palepale zilipokufa. Kazi ni ngumu. Zinaweza zisishike, au zikashika na kuota ovyo zikawa uvimbe. Wanaofanya utafiti wa kweli, aliandika, humwambia mgonjwa wazi kwamba ni majaribio, hawamtozi ili wamjaribie, wanamfuatilia miaka, na wanatangaza hata waliposhindwa. "Anayetibu kisukari na upofu na uchovu kwa sindano ileile, muulize maswali," alimalizia. "Na wewe, kwa nini ulimweka mtu wa Pakinsoni kwenye sakafu laini? Nilikufundisha nini?"

Kikao cha familia kilikuwa Jumapili mchana, nyumbani kwao. Walinipa chai, kwa sababu nyumba zinazolima kahawa hazinywi kahawa. Osmund alisoma karatasi zake, mimi nikasoma barua yangu, kasoro mwisho wake.

Mzee Kinunda alisikiliza amefumba macho. Kisha akasema, "Kwa hiyo ni miche."

"Miche, Baba?" Osmund akauliza.

"Mnasema chembe changa, zinalelewa mahali, zinahamishwa, zinapandwa palipokufa za zamani. Hiyo ni miche. Mimi nimepanda miche maisha yangu yote. Kitalu ni cha nani?"

Osmund akapekua karatasi. "Hawajaandika, Baba."

"Yule wa gari la spika naye hakuandika. Miche yake ilikuwa kijani, mizuri, mama yako shahidi. Ikakua mirefu kama minara ya simu, haijazaa punje mpaka leo. Haya. Baada ya kupanda, nani alirudi shambani mwaka wa pili kutazama iliyoshika?"

"Kuna picha ya mtu anacheza."

"Ya mwaka gani?"

Osmund akageuza karatasi, nyuma ilikuwa nyeupe.

"Na wanapanda wapi?"

"Sindano inachomwa kiunoni, Baba. Kwenye uti wa mgongo."

Mzee akanigeukia. "Mama Mazoezi, shamba lililokufa liko wapi?"

"Kichwani, Mzee."

"Basi wanapanda bondeni wakati shamba liko mlimani."

Watu walicheka, nami nilicheka sana kuliko wote, na hapo ndipo Osmund alipoinuka. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Chekeni," akasema. "Mimi kila nikija namkuta baba yangu amesimama mlangoni kama nguzo. Nikisubiri hao watafiti wa kweli wamalize, nitakuwa nimeshamzika. Nifanye nini? Mniambie."

Kicheko kikakatika. Ninyi mtakutana na swali hilo wiki yoyote, wala msifikiri jibu limeandikwa mahali.

Mzee Kinunda akafumbua macho. "Kaa, mwanangu. Mgonjwa ni mimi, na mimi sikucheka. Wewe umeleta kitu." Akanitazama. "Wewe, Mama Mazoezi, umeleta nini?"

Nikasema kitu pekee nilichokuwa nacho. "Nyasi, Mzee."

Vidole vyake vilisugua ugoro wake usiokuwapo. Kisha akatoa hukumu. Kama siku ya jubilei angeingia kanisani kwa miguu yake mpaka altareni, shamba halitauzwa, atabaki na nyasi zangu na vidonge. Kama angebebwa, Jumatatu wauze, naye atakwenda kuchomwa sindano popote wanapotaka, hata kisigino.

Nilijaribu kumweleza kwamba sivyo mambo ya tiba yanavyoamuliwa. Dawa nzuri haiwi mbaya kwa sababu mtu amevuka kanisa, wala mbaya haiwi nzuri kwa sababu ameshindwa. Na zaidi ya yote, walikuwa wanataka kuuza mteremko pekee duniani ambao yeye anautembea, ili wakanunue kutembea. Hilo nililisema kwa sauti kubwa.

"Ndiyo maana nimesema nitavuka," akajibu Mzee. "Sasa nifundishe."

Tulikuwa na wiki tano. Hapo ndipo mistari yenu myeusi ilipozaliwa. Nyasi zilikuwa zinatawanyika, muuguzi mkuu alikuwa amechoka, kwa hiyo seremala akapaka mistari kumi na miwili kwa rangi ya ubao wa darasani, kila mmoja umbali wa hatua ya Mzee ya zamani. Hatua hiyo tulimuuliza Mama Osmund, akatuonyesha kwa shubiri zake tatu bila kufikiri. Mzee alivuka kwenda, akavuka kurudi. Kugeuka kulimpa tabu, tukajifunza kugeuka kwa mzunguko mpana kama lori. Wagonjwa wengine wakaanza kuja kutazama, na mama mmoja wa kiharusi akasema kama ni mistari tu hata yeye anaitaka.

Paroko alikubali nyasi zilazwe kanisani. Jumamosi mchana wanaume wa jumuiya yao walikuja na mizigo, nikawaeleza vizuri: mistari ya kukingama tu, kutoka mlangoni hadi altareni. Nikaenda kuwasalimia wanakwaya. Niliporudi, kanisa lilikuwa na miraba. Walikuwa wamelaza kushuka na kukatiza, mistari safi, iliyonyooka, shamba zima la ngoro kutoka mlango mkubwa hadi hatua za altare. Mikono yao haikujua namna nyingine. Na wake zao wamesimama mlangoni, mmoja ananiuliza, "Na sisi, Mama Mazoezi, tulete majembe tufukie?"

Tuliondoa ile ya kushuka, tukaacha ya kukingama. Nikaenda kulala nikiwa mtu mwenye amani.

Jumapili asubuhi nilifika mapema. Sakafu ya kanisa ilikuwa inang'aa. Hapakuwa na unyasi hata mmoja. Mama wa usafi, ambaye Jumamosi alikuwa msibani Kingerikiti na hakuambiwa na mtu, alikuwa amekuta takataka kwenye nyumba ya Mungu siku ya sherehe, akafagia kwa hasira takatifu na kisha akapiga deki. Nilikimbia nyuma ya nyumba ya mapadri. Ng'ombe wa Paroko alikuwa anamalizia mstari wa mwisho.

Hapakuwa na muda. Kengele ililia, kwaya ikaanza wimbo wa kuingia, na nilipofika mlango mkubwa Mzee Kinunda alikuwa tayari amesimama kizingitini ndani ya suti ya kijivu, mkewe pembeni na shela fupi nyeupe. Aliitazama ile sakafu. Miguu ikaganda.

Kwaya ikamaliza ubeti wa kwanza. Ikaingia wa pili. Watu wakageuza shingo. Nyuma yangu Osmund alikuwa amebeba kiti cha mikono alichokiandaa, na sura yake haikuwa ya mtu anayetaka kushinda. Alikuwa analia. Mimi nilikuwa natafuta chochote cha kulaza chini, kitenge changu, vitabu vya nyimbo, na mikono yangu haikushika kitu.

Mama Osmund akamnong'oneza mumewe jambo. Kisha akainua gauni lake kidogo, akapeleka mguu wake wa kulia mbele ya miguu ya mumewe, akaulaza kukingama sakafuni, kiatu cheupe kimeelekea pembeni kama gogo dogo njiani.

Mzee Kinunda akautazama. Akanyanyua goti, akauvuka.

Mama akasogea, akaulaza tena. Akauvuka tena. Wakaenda hivyo, yeye amemshika mkono, anaruka kidogo pembeni, anaweka mguu, anangoja, anaweka mguu. Ubeti wa tatu ukaisha, kwaya ikarudia mwanzo, kisha ikarudia tena, mpiga kinanda akawa anawapunguzia mwendo. Kufikia benchi za katikati kigelegele cha kwanza kikapigwa, halafu hakukuwa na kusikia wimbo tena. Walifika altareni. Paroko alikuwa amevua miwani, anaifuta.

Osmund alikuwa ameketi mlangoni kwenye kile kiti chake mwenyewe. Aliniambia, "Mama, nisindikize kilimani nikampigie yule mnunuzi asije." Nikamwambia asubiri pilau kwanza.

Kwenye pilau nilimfuata Mama Osmund. Nikamuuliza nani alimfundisha jambo lile, maana mimi sikumfundisha, na lilikuwa bora kuliko nyasi.

"Namfanyia hivyo kila asubuhi kwenye mlango wa chumbani," akasema. "Tangu mwaka juzi."

"Mama! Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza habari zake tu. Za kwangu hukuniuliza."

Hilo liandikeni ukutani, chini ya saa.

Mzee Kinunda hakupona. Ningewadanganya kama ningesema hivyo. Ugonjwa uliendelea, taratibu, na mwisho hata mistari haikutosha. Lakini alilaza nyasi misimu kadhaa zaidi kwenye mteremko wake mwenyewe, na alifia nyumbani, amezungukwa na watu aliowatania hadi siku ya mwisho. Osmund hakuacha kusoma. Mpaka leo hunitumia kwenye simu habari za utafiti wa seli shina, na anazichambua vizuri kuliko madaktari wengine: kitalu cha nani, zimepandwa wapi, nani amerudi kutazama. Nami natumaini kwa moyo wote kwamba siku itafika mtu ajibu maswali yote matatu, na ninyi mtakuwapo kuinua magoti ya wagonjwa hao, kwa sababu hata mche ulioshika unahitaji kupaliliwa. Mwambieni fundi aweke vigae vyake, vyeupe anavyotaka, lakini kila baada ya shubiri tatu za Mama Osmund aweke mstari mweusi. Akisema haipendezi, mpandisheni ile ngazi.

Mama Osmund alikuja kunitembelea huku ziwani mwezi uliopita, na debe la maharage. Nyumba yangu ina sakafu laini. Nilikuwa ndani natenga samaki, nikamwita, "Karibu, Mama, pita!" Sikusikia hatua, nikageuka. Alikuwa amesimama mlangoni peke yake, mguu wa kulia ameulaza kukingama kizingitini. Akangoja kidogo, kiasi cha hatua moja ya mtu mrefu. Kisha akaingia.